Lundo Lililokataa Kupata Joto: Risala ya Wakulima Siku ya Kufungua Koki ya Mashariki

Mgeni rasmi, pamoja na wote mlioongozana nawe mkakubali kukanyaga vumbi letu kwa viatu vilivyong'arishwa, tunakusalimu kwa heshima zote.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Karibu ukae, ingawa tunakuomba usiegemee mno upande wa kushoto. Kiti hicho kimetoka sebuleni kwa mwenyekiti wetu, ambaye sisi humwita Hamna Shida, na mguu wake mmoja, wa kiti, uliwahi kuvunjika ukaungwa kwa msumari. Mke wa mwenyekiti alipoona kinabebwa aliuliza, "Na mgeni akianguka mtasemaje?" Mwenyekiti akamjibu kama anavyojibu kila kitu. Ndiyo maana tunakuonya mapema.

Mbele yako tumesimama wanachama mia moja na wanne. Utaona wengi tumekunja nyuso. Usidhani tumekununia wewe. Hiyo ni hofu, na hatukupata pa kuiacha tulipokuwa tunavaa nguo za sherehe. Tutakueleza inatoka wapi. Tunaomba tu utuvumilie mpaka mstari wa mwisho, hata kama jirani yako wa kulia ataanza kukohoa.

HISTORIA YETU

Kikundi hiki kilianza miaka tisa iliyopita ndani ya ghala bovu, watu kumi na wawili na majembe tisa. Watatu waliokosa majembe walipewa vyeo. Ndivyo Hamna Shida alivyopata uenyekiti, na hadi leo jembe hajanunua.

Mashamba yetu yako pande mbili za barabara hii. Upande wa magharibi, ule ulio nyuma ya mgongo wako, ni ekari themanini. Upande wa mashariki, huu unaoutazama, ni ekari arobaini na mbili. Miaka sita iliyopita mradi wa umwagiliaji ulituchimbia kisima kirefu kule magharibi. Maji yaliporuka juu kwa mara ya kwanza tulilowana sote, tukacheka, tukakumbatiana na watu tuliokuwa hatusalimiani. Mashariki hawakupata. Wao wamebaki na mvua, ndoo, na mfereji mwembamba unaotoka kwenye kijito.

Yalikuwa maji mazuri kwa macho. Yalikuwa maangavu, ya baridi, hayana harufu wala tope. Tena yalikuwa na sifa moja iliyotumaliza kabisa: yalitoa povu. Kipande cha sabuni kilichokuwa kikiisha kwa wiki moja kikaanza kudumu wiki tatu. Tukasema maji yanayopendana na sabuni namna hii hayawezi kuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, mgeni rasmi, na tunalitaja wenyewe kabla hatujatajiwa. Maji ya kumwagilia ekari themanini tuliyapima kwa povu.

Miaka mitatu iliyopita, mbele ya mgeni mwingine kama wewe, tulisoma risala tukaomba bomba livushwe barabara lije mashariki. Tulipiga magoti. Ombi limejibiwa. Bomba lile pale limevuka, na koki ile pale inakusubiri.

MAFANIKIO

Yapo, na hatutayaficha. Misimu mitatu ya mwanzo tulivuna nyanya na vitunguu mpaka tukawa tunagawia watu tusiowapenda. Ghala lilipata mlango, mlango ukapata kufuli, na kufuli hatimaye likapata kitu cha kulinda.

Fanikio tunalojivunia kuliko yote ni mboji. Hapa hatuna budi kumtaja mwenzetu mmoja, kwa sababu mengi ya risala hii yamepita mikononi mwake. Ni yule mama mrefu aliyesimama karibu na koki, ameshika sahani yenye spana iliyofunikwa kitambaa. Amechaguliwa akukabidhi spana hiyo kwa kuwa ndiye mchapakazi wetu wa kwanza. Jina lake la hapa ni Fundi Mboji. Hakusomea. Alijifunza kwa kukosea, na kila alichokosea alikitangaza mwenyewe huku akicheka, ili asimwachie mtu mwingine raha hiyo.

Utaratibu wake ni huu. Anapanga majani makavu, samadi, mabua na majani mabichi, anamwagia maji, kisha anachukua karai moja kutoka lundo la zamani lililoiva na kulichanganya kwenye lundo jipya. Karai hilo tunaliita mama wa lundo. Halafu anachomeka nondo katikati, anaondoka. Siku ya nne anarudi, anaichomoa nondo na kuigusisha mgongo wa mkono wake. Ikiwa ya moto, anatabasamu na kusema, "Wafanyakazi wameingia zamu." Lundo likipata joto, ndani yake kuna viumbe wadogo wasiohesabika wanaotafuna, wanaolainisha, wanaogeuza taka kuwa chakula cha mmea. Hatujawahi kuwaona hata siku moja, lakini tumekula kwa jasho lao miaka yote.

Hadi hapa, mgeni rasmi, tunayoyasoma yanalingana na nakala uliyo nayo mkononi. Kuanzia mstari unaofuata hayalingani. Usihangaike na miwani. Macho yako ni mazima. Nakala hiyo ilipitiwa na kupitishwa na ofisi ya mradi, na humo changamoto zetu zimeandikwa kuwa ni mbili, ukosefu wa kengele na uchache wa viti. Kengele kweli hatuna. Viti umeviona. Lakini watu mia moja na wanne hawapotezi usingizi kwa sababu ya kengele.

CHANGAMOTO AMBAZO HAZIMO KWENYE NAKALA YAKO

Tuliambiwa kwamba atakayesema maneno ya kuchafua siku ya leo atanyang'anywa shamba lake apewe mwingine. "Hili ni shamba la mradi," tuliambiwa, "si la mama yako." Kwa hiyo ujue tunayasema haya tukiwa tunatetemeka. Lakini ipo hofu nyingine iliyoizidi hiyo, na ndiyo imetusukuma.

Ilianza na ndege. Zamani ukilima magharibi, ndege walikuwa wakikufuata nyuma ya jembe, hatua kwa hatua, wakiokota minyoo. Msimu wa nne Fundi Mboji aligeuka nyuma akakuta yuko peke yake. Alitusimulia jioni kama kichekesho. "Leo hata ndege wamenisusa," alisema. "Nadhani ni kwa sababu ya ile harufu ya mafuta ya kichwani." Tukacheka. Kesho yake kila mmoja wetu aligeuka nyuma kimyakimya shambani kwake, na hakuna aliyerudi kusimulia.

Kisha udongo ukaanza kujenga ganda. Ukikanyaga, unalia kama mkate mkavu. Mabua tuliyofukia yakawa yanafukuliwa msimu unaofuata yakiwa vilevile, na mafundo yake yote unaweza kuyahesabu. Tukaona mazao yanapungua, majani yanaungua ncha. Tukafanya nini? Tukasema udongo una kiu. Tukaongeza maji. Hilo ni kosa la pili, na tulilifanya kwa bidii sana, kwa zamu, kwa orodha iliyobandikwa ukutani, na aliyekosa zamu tulimsema vibaya.

Ndipo lundo likakataa kupata joto.

Fundi Mboji alilipanga kama kawaida, upande wa magharibi, akalimwagia maji ya kisima, akaweka mama wa lundo. Siku ya nne akachomoa nondo. Ilikuwa ya baridi. Akadhani amekosea siku, akahesabu tena kwa vidole. Siku ya sita, baridi. Siku ya kumi aliigusisha shavuni, halafu akaangaza macho kama mtu aliyeiba, kuona kama yupo anayemwona. Hakutaka tujue. Mtu ambaye makosa yake alikuwa akiyatangaza mwenyewe, hilo alilificha wiki tatu.

Aliamua lundo linahitaji mama mwenye nguvu zaidi. Akavuka barabara mpaka mashariki, kwenye ekari moja ya mke wa mwanawe, ambako kuna lundo lililopangwa kwa maji ya mvua na ya kijito. Hilo lilikuwa la moto mpaka linatoa mvuke. Akachota karai moja, akarudi nalo kichwani. Lundo la magharibi likapata uvuguvugu siku tatu, akaanza kuimba. Siku ya nne likapoa. Akarudi kuchota karai la pili. Likapata uvuguvugu siku mbili. Karai la tatu halikufika hata kesho yake.

Mkwewe alimkuta anachota la nne.

"Mama, hili lundo langu unalipeleka wapi kidogokidogo hivi?"

"Kulisalimia la kule."

"Salamu gani za karai? Si bora ungelihamisha lote nikajua moja?"

Fundi Mboji akaweka karai chini. Alituambia kwamba hapo ndipo alipoiona picha nzima, naye akakaa juu ya karai. Alikuwa anawachukua wafanyakazi wazima, anawavusha barabara, na wanakufa upande wa pili. Karai baada ya karai. Na mkono uliokuwa unawavusha ni wake.

Tulimwita mtaalamu wa udongo. Alikuja msichana mmoja mwembamba mwenye begi kubwa kuliko yeye, tukamwita Dada wa Maabara. Hamna Shida alimtazama akauliza, "Wakubwa wako wanakuja nyuma?" Akajibu, "Mkubwa ni hili begi, baba. Nisaidie kulibeba." Tukampenda papo hapo.

Alipima maji ya kisima. Yana floridi nyingi kupita kiasi, madini ambayo kidogo chake hulinda meno na wingi wake huyaharibu pamoja na mifupa. Yana magadi pia, na hayo magadi ndiyo yaliyokuwa yanatupa povu. Alitueleza kwamba jua likipiga, maji huondoka lakini floridi hubaki. Kila zamu ya kumwagilia tulikuwa tunaongeza juu ya ile ya jana. Ndipo tulipotazamana midomoni. Watoto wetu wa magharibi wana michirizi ya kahawia kwenye meno. Tulikuwa tunawagombeza wasugue zaidi, na wao wakatii, wakasugua kwa maji yaleyale.

Kisha akapanga chupa nane za jemu kwenye meza ya ghala. Nne akatia udongo wa magharibi, nne wa mashariki, na ndani ya kila chupa akaweka kikombe kidogo cha maji ya chokaa, akafunga vifuniko. "Udongo ulio hai unapumua kama sisi," alisema. "Pumzi ikiyakuta haya maji ya chokaa, yanageuka kama maziwa. Tuache mpaka kesho."

Asubuhi Fundi Mboji alifika kabla mlango haujafunguliwa. Vikombe vinne vya mashariki vilikuwa vyeupe. Vya magharibi, kimoja kilikuwa na utando mwembamba mno. Vitatu vilikuwa na maji maangavu kama yalivyowekwa. Akachukua chupa moja, akaigonga kwa ukucha, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.

"Pengine wamelala," alisema.

"Si usingizi, mama," Dada wa Maabara akajibu.

"Basi wamekufa wote?"

"Wote hapana. Wamebaki wale sugu wanaovumilia floridi. Lakini wengi waliokuwa wanafanya kazi ya kuozesha, siwaoni kwenye vipimo vyangu. Kazi zilikuwa zimegawanywa, mama. Huyu anavunja bua, yule anapokea kwa huyu, mwingine anatoa chakula cha mizizi. Ukiwaondoa wa katikati, mnyororo umekatika."

Fundi Mboji akafikiri. "Kwa hiyo ni kama mtaa waliohama wapishi, mafundi na wakunga, wakabaki madalali watupu."

"Kama hivyo."

"Mwanangu, mtaa huo hauishi."

Tulicheka, mgeni rasmi, kicheko kifupi kisichokuwa na mwisho mzuri. Kwa sababu hapo alimuuliza swali tulilokuwa tunalikwepa wote. "Watarudi lini?"

Dada wa Maabara alivua glavu. Akasema sampuli zake ni chache, hataki kutudanganya. Akasema magharibi tukiacha kumwagilia maji ya kisima, na tukiusaidia udongo, huenda wakarudi. Inaweza kuwa miaka mitano. Inaweza kuwa zaidi. "Kusema kweli, mama," akamaliza, "sijui."

Tumewahi kuambiwa mambo mengi na wataalamu. Tumeambiwa hapana, tumeambiwa subirini, tumeambiwa mbegu mmezipanda kichwa chini. Lakini hilo la sijui, kutoka kwa mtu aliyebeba begi lote lile, lilitutia baridi ambayo hatujapona. Tangu siku hiyo hatukatizi tena katikati ya shamba la magharibi. Tunazunguka na njia. Hatujakubaliana popote, hatukupiga kura. Kila mtu anazunguka tu.

Sasa tuje kwenye leo. Hatutaki udhani tulikuwa sauti moja tangu mwanzo. Watu wa mashariki walitaka bomba, na haki wanayo. Mkwe wa Fundi Mboji, yule mwenye lundo la moto, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Amebeba ndoo kutoka kijitoni misimu miwili, bega lake moja limeshuka. Fundi Mboji alipomwambia tuombe koki isifunguliwe, alimjia juu mbele ya watu ghalani.

"Mama, nakuheshimu. Lakini wewe umepata miaka yako ya povu. Umejenga, umesomesha, mwanao umemwoza kwa maji hayohayo. Zamu yangu imefika ndiyo yawe sumu?"

Hamna Shida alifungua mdomo aseme lake la siku zote, mkewe akamkanyaga.

Fundi Mboji alimshika mkono mkwewe, wakavuka barabara, na sisi nyuma yao. Walipofika kwenye lundo baridi akamwambia, "Ingiza mkono. Mpaka kiwiko." Yule binti akaingiza. Akakunja uso, akapapasa, akavuta alichokishika. Yalikuwa maganda ya vitunguu, konzi nzima, makavu, yenye rangi yake nyekundu ileile.

"Haya ni ya lini?"

"Ya arusi yako," Fundi Mboji akasema.

Arusi hiyo ina miezi kumi na minne, mgeni rasmi. Tulimenya vitunguu siku nzima, tukatoka machozi, tukasingizia furaha. Maganda yale kwa kawaida yangekwisha kuwa udongo, yakawa mchicha, na huo mchicha ukaliwa na kusahauliwa. Yamekaa pale kama yaliyotupwa jana, yanasubiri wafanyakazi ambao hawaji. Binti aliyatazama sana. Akayarudisha taratibu, akafunika, akajifuta mkono kwenye nguo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tukarudi ghalani. Pale akanyoosha mkono akasema risala ibadilishwe, na kwamba ataisoma yeye.

Ndiye anayekusomea sasa.

MAOMBI

Ombi letu la kwanza ni hili: koki ya mashariki isifunguliwe leo.

Tunajua kwamba umetoka mbali na ratiba yako imeandikwa saa tano kamili, kufungua koki. Tunajua wapiga picha wameshachagua pa kusimama. Tunajua pia kuomba kitu kwa magoti na kisha kukikataa kinapoletwa ni tabia ya mtoto aliyedekezwa. Tutukane kwa hilo, tutavumilia. Lakini mashariki ni mteremko. Mitaro imechimbwa, na iko wazi. Koki ikifunguliwa, maji yatafika kwenye ekari ya kwanza kabla hujamaliza kupeana mikono, na kufikia jioni yatakuwa yamegusa zote arobaini na mbili. Hatuna upande wa tatu. Ukiisha huo, hatuna tena mahali popote pa kuchotea hata karai moja la udongo hai wa kuanzia upya.

La pili, tunaomba maji ya kisima yapimwe na watu wengine pia, wasio sisi na wasio wa mradi, na majibu yasomwe hadharani hapa barabarani kwa sauti. Kama tumekosea tutafurahi kuliko mtu yeyote. Tutakupikia, tutajichekea, na Fundi Mboji ameahidi kufungua koki hiyo kwa meno.

La tatu, tunaomba maji ya kunywa kwa watoto wa magharibi. Hili lisisubiri vipimo vingine. Kwa sasa tunachota kijitoni kwa zamu, na kijito ni chembamba.

La nne, bomba lililokwisha kujengwa tusilitupe. Dada wa Maabara anasema maji ya mvua yakivunwa kwenye bwawa kule juu kwenye kilima, bomba hilohilo linaweza kuyaleta. Tutachimba wenyewe. Majembe sasa ni mengi, ingawa mwenyekiti bado hana.

Na kama baada ya haya yote utaona sharti koki ifunguliwe, kwa sababu ambazo wakubwa mnazijua na sisi hatuzijui, hatutakuzuia. Hakuna aliyelala mbele ya bomba. Fundi Mboji atakukabidhi spana, amesema hatakunyima. Ila anakuomba kwanza mtembee naye hatua mia na hamsini. Atakupeleka kwenye malundo mawili, moja kila upande wa barabara. Atachomoa nondo ya kwanza na kukuwekea mgongoni mwa mkono wako, kisha ya pili. Hatasema kitu. Baada ya hapo, amri ni yako.

Jambo la mwisho. Pembeni ya koki kuna jiwe limefunikwa kitambaa, nalo limeandikwa kwamba bomba hili limejengwa kwa ombi letu. Jana tulikaa tukibishana kama tukuombe jina letu lifutwe, ili kesho na keshokutwa lisituaibishe. Wengi tulitaka lifutwe. Fundi Mboji alikataa. Alisema, "Liacheni. Maji yakipita hapo, wajukuu zetu watalima udongo usiopumua, na watauliza nani aliyaleta. Wasihangaike kutafuta. Wasome."

Tumekubaliana naye. Liache lilivyo.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe moyo wa kusikia kuliko tulivyoweza sisi kusema, akurudishe kwako salama na watu wako wote, pamoja na huyo ndugu yetu anayekohoa.

Tumemaliza. Ni sisi tulioomba, na ni sisi tunaoomba tena:

Kikundi cha Wakulima wa Bomba la Kwanza, magharibi na mashariki.